Habari ya Bei na Uwezo wa Kungoja



Msimu wa mavuno unapowadia katika vijiji vyetu, aghalabu kinachotangulia kuingia kijijini ni pikipiki ya dalali, na lori hufuata nyuma yake. Dalali hupita nyumba kwa nyumba, hukaribishwa maji, huwajulia hali wazee na wagonjwa, na baada ya kutimiza adabu hizo hutaja bei. Bei hiyo ameipata asubuhi ile ile kwa simu kutoka soko la Mabibo, au la Tandale, au la Kibaigwa. Akaondoa humo nauli ya lori, akaondoa ujira wa wapakiaji na ushuru wa njiani, akaondoa faida yake iliyo halali, kisha, kwa kuwa anajua kwamba mtu anayezungumza naye hana njia ya kuhakiki neno lake, akaondoa tena. Makato hayo ya mwisho ndiyo niliyokuja kuyazungumza mbele yenu. Makato mengine yote yana kazi nyuma yake, na mwenye kazi astahili ujira. Mimi si katika wale wanaomtukana dalali kila wanapopewa kipaza sauti, maana naijua taabu ya mtu anayelala juu ya magunia ya vitunguu usiku kucha katika barabara ya matope, hajui kama kesho atakuta soko limejaa au limekauka. Lakini makato haya ya mwisho hayana taabu ndani yake. Yametoka katika umbali uliopo baina ya mkulima na soko, na mwenye kuushika umbali huo mkononi amejifanyia mali.

Intaneti huufupisha umbali wa namna hiyo. Nyaya za chini ya bahari zilipofika Dar es Salaam na Mombasa mwaka 2009, na minara ya simu ilipozidi kuenea hata katika kata ambazo mpaka leo hazijaona lami, wengi walioitakia kheri nchi yetu, wa serikali na wa mashirika na wa biashara, walisema kwamba mkulima akiletewa bei za masoko katika simu yake, makato ya umbali yatakufa na umaskini wa shamba utapungua. Sehemu ya kwanza ya maneno hayo naikubali bila shaka yoyote. Katika sehemu ya pili nina rai yangu, na ndiyo nitakayoieleza hapa kwa mifano: habari ya bei humfaa mtu awezaye kungoja. Mtu asiyeweza kungoja, ambaye ada ya mtoto inadaiwa Jumatatu na deni la mbolea lilikwisha pita muda wake, huipokea habari hiyo kama maskini anayesomewa hesabu ya mali ya jirani. Anaijua bei ya haki, na anauza kwa bei ya dhuluma, siku moja na saa moja. Kwa hiyo kazi ya chombo hiki kipya, kikitumiwa kwa hekima, ni mbili: kumpelekea mkulima habari, na kumpatia muda wa kuitumia. Ya kwanza tumeianza, na ya pili tumeisahau.

Wazee wetu waliijua shida hii kabla ya simu kuwapo mashambani. Wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro waliunda chama chao mwaka 1925, na mwaka 1933 kikazaliwa chama kikuu cha KNCU, kwa kuwa waliona kwamba mkulima mmoja mwenye gunia moja hana sauti mbele ya mnunuzi wa Moshi, ilhali wakulima elfu wenye magunia elfu huulizwa wanataka nini. Kule Ziwa Victoria, katika nchi ya pamba, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima walikwenda mbali zaidi: waliteua watu wao wenyewe wasimame penye vituo vya kununulia, wautazame mshale wa mizani pamba inapopimwa, kwa kuwa walikwisha chunguza wakajua kwamba ratili zao hupotea pale pale machoni pao. Katika vuguvugu hilo ndimo alimoinukia mwanaushirika Paul Bomani, na mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo lilikuja kuhesabiwa miongoni mwa makubwa ya Afrika. Nayataja haya kwa sababu watu wale hawakuwa na waya wala mtandao, na walakini walikwisha tambua mambo matatu ambayo sisi tunayagundua upya kila mwaka kwa gharama kubwa: kwamba habari ya kweli lazima iletwe na mtu wako, kwamba kipimo huja kabla ya bei, na kwamba auzaye peke yake hata akijua kila kitu bado ni dhaifu.

Mwaka 2005, nyaya za baharini zingali ndoto, ulianza Tanzania mradi ulioitwa First Mile, chini ya programu ya serikali ya kuendeleza mifumo ya masoko ya mazao, kwa msaada wa Mfuko wa Kimataifa wa Maendeleo ya Kilimo, yaani IFAD, na wa serikali ya Uswisi. Uzuri wa mradi ule ni kwamba haukuanza kwa kugawa mashine. Ulianza kwa kuwakutanisha watu wa wilaya moja, wakulima na wafanyabiashara na wasindikaji na mabwana shamba, wajuane na wajifunze pamoja, kisha waandikiane kwa intaneti na wenzao wa wilaya nyingine juu ya kilichofaulu kwao na kilichowashinda. Wakulima wakachagua miongoni mwao watu wa kwenda masokoni kupeleleza, wakawaita mashushushu. Shushushu huingia sokoni kama mtu yeyote, akauliza bei, akatazama ni mpunga wa namna gani unaogombewa na upi unaopitwa, akachunguza nani ananunua kwa fedha taslimu na nani kwa ahadi, kisha akapiga simu kijijini, na habari ikatangazwa kwa wote.

Nimekaa sana na mfano huu, na kila nikiurejea naona kwamba nguvu yake haikuwa katika simu. Simu ilipunguza siku mbili za safari zikawa dakika mbili. Lakini neno lililopita ndani ya simu lilikuwa na mwenyewe, mtu aliyejulikana nyumba yake na wazazi wake, ambaye akidanganya ataulizwa. Bei inayotumwa na ofisi ya mbali, hata ikiwa sahihi, ni neno lisilo na dhamana; mkulima huisoma, akaitilia shaka, akamuuliza dalali kama ni kweli, na dalali akamjibu kwamba hiyo ilikuwa ya juzi. Nitasema na hili pia, maana limevunja miradi mingi: shushushu naye ana tumbo. Wafadhili wakiondoka na wakulima wasipomlipa, atalipwa na mnunuzi, na siku hiyo masikio yale yale yaliyokuwa ya kijiji yatakuwa ya soko. Chama kinachotaka habari ya kweli kitenge ujira wake katika kila kilo inayouzwa, kama kinavyotenga ujira wa mlinzi wa ghala.

Nitoke kidogo nje ya nchi yetu, nivuke bahari mpaka pwani ya Malabar, ambako majahazi ya kusi na kaskazi yamekuwa yakienda na kurudi tangu zama za mababu. Katika jimbo la Kerala, mchumi wa Marekani aitwaye Robert Jensen aliwachunguza wavuvi wa dagaa kati ya mwaka 1996 na 2001, wakati simu za mkononi zilipokuwa zikiingia pwani hiyo, sehemu baada ya sehemu. Kabla ya simu, mvuvi alirudi katika bandari yake ya kawaida asijue kama ina wanunuzi. Akikuta samaki wamejaa, alimwaga mzigo wake baharini, na huenda kilomita chache kutoka hapo, katika ufuko mwingine, wanunuzi waliondoka mikono mitupu. Simu zilipofika, wavuvi wakaanza kuuliza wakiwa bado majini na kuelekeza vyombo vyao kunakotakiwa samaki. Bei za masoko mbalimbali zikakaribiana, samaki wakaacha kumwagwa, faida ya wavuvi ikaongezeka kwa asilimia 8, na mlaji naye akapunguziwa bei kwa asilimia 4. Ni ushahidi mzito, nao umetajwa katika kila mkutano wa mambo haya mpaka ukachakaa.

Lakini upo ushahidi wa pili, wa nchi ile ile ya India, ambao hutajwa mara chache. Katika jimbo la Maharashtra, Marcel Fafchamps na Bart Minten waliwafuatilia wakulima waliopewa bure huduma ya kupelekewa kwa simu bei za mazao, habari za hali ya hewa na mashauri ya kilimo, wakawalinganisha na wenzao wasiopewa. Matokeo waliyoyachapisha mwaka 2012 yalionyesha kwamba, kwa wastani, huduma ile haikuinua bei aliyoipata mkulima. Wengine husema kwamba utafiti huu unaupinga ule wa kwanza. Mimi sioni hivyo. Mvuvi wa Kerala alikuwa na chombo chake na mafuta ndani yake. Alipojua kwamba ufuko wa pili una bei nzuri, aligeuza usukani. Mkulima asiye na lori, mwenye mazao machache, ambaye soko la pili liko mbali kuliko faida yake, atageuza nini? Habari ni ile ile. Kilichowatofautisha ni uwezo wa kuifuata.

Sasa turudi nyumbani, kwenye korosho za Mtwara na Lindi, ambako mambo haya yote yamejaribiwa kwa ukubwa usiopata kuonekana katika zao jingine la Tanzania. Sheria ya stakabadhi za ghala ilitungwa mwaka 2005, na kuanzia msimu wa 2007/08 korosho za kusini zikaanza kuuzwa kwa utaratibu wake. Mkulima hupeleka korosho zake katika chama cha msingi, zikapimwa, akaandikiwa stakabadhi. Zikasafirishwa mpaka ghala kuu, na wanunuzi wakaandika bei zao katika karatasi zilizofungwa, zikatiwa katika sanduku, kisha zikafunguliwa mbele ya wakulima wenyewe waliokusanyika, nao wakakubali au wakakataa. Haki hiyo ya kukataa ni jambo kubwa mno. Mwezi wa Oktoba 2018 wakulima wa Newala na Tandahimba walisomewa bei zilizokuwa chini ya shilingi 3,000 kwa kilo, nao msimu uliotangulia walikwisha kuonja zaidi ya 4,000; wakasimama, wakasema hawauzi, wakaenda zao. Mwezi wa Novemba serikali iliingia kati kwa bei ya shilingi 3,300 na kuliagiza jeshi kuzibeba korosho zile, na malipo ya baadhi ya wakulima yakakawia sana. Sitaingia katika hukumu ya uamuzi huo. Ninachotaka kionekane ni kwamba mkulima wa jembe la mkono aliweza kumwambia mnunuzi hapana, kwa kuwa korosho zake zilikuwa chini ya paa imara, zimekwisha pimwa, na zimechanganyika na za wenzake maelfu.

Hata hivyo, katika vijiji hivyo hivyo, wapo wauzao kwa kangomba. Mwenye kangomba huja kabla ya msimu, miezi ya njaa, akanunua korosho kwa kipimo cha bakuli, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo ya ile ya mnada, au akatoa mkopo wa unga na kujiandikia korosho zingali maua. Sheria imekataza, polisi wamekamata, na kangomba haijafa. Nawaomba mzingatie: anayeuza kwa kangomba anaijua bei ya mnada. Aliisikia mwaka jana, ataisikia tena mwaka huu, redio na simu vimemwambia. Anauza kwa sababu mnada uko Oktoba na njaa iko Julai. Hata ukimpelekea ujumbe wa bei kila asubuhi mpaka Oktoba, hutakuwa umemsogezea mnada siku moja.

Msimu wa 2024 minada ya korosho ilihamia katika mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa Tanzania, TMX, na sanduku la karatasi likapumzika. Sasa mnunuzi aweza kushindana akiwa mji wowote, na bei humulikwa katika kioo ambacho mkulima aliyekaa uwanjani hukitazama kwa macho yake. Mnada wa kwanza wa msimu huo, katika Newala na Tandahimba, ulitoa bei iliyopita shilingi 4,000 kwa kilo. Nimewasikia watu wakiipa mashine sifa yote ya bei hiyo, na naona wamezidisha, maana bei ya korosho huamuliwa zaidi na viwanda vya Vietnam na India kuliko na kioo cha Newala. Sifa ya haki ya mfumo huu ni nyingine: umewafungulia mlango wanunuzi ambao zamani wangeona uvivu wa safari, na umeacha maandishi yasiyofutika ya nani alitoa nini na saa ngapi, hata mambo ya gizani yakawa magumu kufanyika. Tena umefaulu kwa sababu haukusimama juu ya ardhi tupu. Ulikuta maghala, ukakuta vyama, ukakuta stakabadhi zenye nguvu ya sheria na watu waliokwisha zoea kuketi pamoja na kukataa bei. Anayetaka kuuhamisha mfumo wa namna hii mpaka kwenye nyanya za Ilula au mboga za Lushoto, ambazo haziwezi kulala ghalani hata siku tano, ajue kwamba kwanza itambidi ajenge vyumba vya baridi au viwanda, na kioo kije baadaye.

Lipo pia jambo la kipimo, na hapa nitasema kwa uchungu. Tuseme simu ya mkulima wa viazi imemwambia kwamba bei ya Dar es Salaam ni shilingi kadha kwa gunia. Gunia lipi? Katika mashamba yetu mnunuzi huleta gunia lake, likajazwa mpaka mdomoni, kisha likashonewa kilemba juu na kujazwa tena, likawa lumbesa. Gunia linalosemwa kuwa la kilo 100 likabeba 120, au 140, na zile za kilemba ni sadaka isiyo na thawabu. Sheria ya vipimo inaikataza lumbesa, Wakala wa Vipimo huikamata barabarani mara kwa mara, na jirani zetu wa Kenya waliandika katika kanuni zao za viazi za mwaka 2019 kwamba gunia lisizidi kilo 50. Na bado, karibu kila huduma ya bei niliyopata kuiona katika simu ilitaja bei ya gunia au ya tenga, ikawa inatangaza kwa usahihi mkubwa bei ya kitu kisichojulikana ukubwa wake. Bei isiyotajwa kwa kilo isitangazwe kabisa. Na chama kisichoweza kununua mizani yake kisishawishike kununua kompyuta kwanza.

Tena ziko habari ambazo si za bei, na zenye kuhukumu bei zote. Mkulima wa mbaazi wa Babati, na mwenzake wa Lindi na Mtwara, alipanda kwa matumaini makubwa baada ya misimu ambayo India ilinunua kwa pupa. Mwezi wa Agosti 2017 serikali ya India ikaweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini mwake, na kilo iliyopata kuzidi shilingi 2,000 ikaanguka mpaka shilingi mia chache, wengine wakaziacha mbaazi shambani. Mwezi wa Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa ajili ya sumukuvu, malori yakasimama mpakani Namanga, na siku chache baadaye mlango ukafunguliwa kwa masharti ya vyeti vya usalama. Mambo kama haya huandikwa katika karatasi za serikali kwa lugha ya Kiingereza, wafanyabiashara wakubwa wakayasoma siku ile ile, na mkulima akayajua kwa kuona tu kwamba dalali wa mwaka jana hakurudi. Kama iko kazi moja ya intaneti ambayo ningeiomba serikali zetu zote za Afrika ya Mashariki kuifanya pasipo mradi wala mfadhili, ni kuyatoa maamuzi ya mipakani na ya nchi zinazonunua mazao yetu kwa Kiswahili chepesi, siku yanapotolewa, na pamoja nayo maelezo ya namna ya kukausha mahindi ili yasishike sumukuvu, kwa kuwa katazo lisiloambatana na maarifa ni adhabu tupu.

Na hata habari ikifika kwa wakati, haitoshi pale mnunuzi akiwa mmoja. Walio karibu na Mlima Kenya wataukumbuka mradi wa DrumNet katika Kirinyaga, ulioanzishwa mwanzoni mwa karne hii kuwaunganisha wakulima wadogo na wauzaji wa mboga nchi za nje. Wakulima waliingia katika vikundi, wakapata mikopo ya pembejeo na njia ya kusafirisha, wakapanda mishiri na mahindi machanga kwa ajili ya Ulaya, na watafiti waliowafuatilia wakaona kwamba wale waliokuwa hawajapata kulima mazao hayo waliongeza kipato chao. Mwaka mmoja baada ya uchunguzi ule kwisha, mnunuzi mkubwa aliacha kununua kwao, kwa kuwa Ulaya ilidai vyeti vya usafi wa kilimo ambavyo wakulima wale hawakuwa navyo wala hawakumudu gharama yake. Mradi ukaanguka, mazao mengine yakaoza, na mikopo ikabaki bila mlipaji. Kila kitu kilikuwa kimeunganishwa vizuri, isipokuwa kwamba njia ilikuwa moja na mlango wa mwisho wake ulikuwa mikononi mwa mtu mmoja. Soko bora ni lile ambalo likifungwa lina la pili nyuma yake.

Leo, katika vijiji vyenye mtandao, biashara imekwisha tangulia miradi. Vijana wamefungua makundi ya WhatsApp ya vitunguu, ya mpunga, ya ufuta. Picha ya mzigo hupigwa shambani saa mbili asubuhi, na saa nne mnunuzi wa Arusha amekwisha uliza kilo na mahali. Fedha nayo imepata mbawa tangu M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, hata mtu asiyepata kuingia benki aweza kupokea arabuni ya mzigo akiwa juu ya mwembe wake. Lakini pamoja na kheri hiyo umeingia utapeli: mzigo wa picha usiokuwako, arabuni iliyotumwa kwa mtu asiyejulikana, ujumbe wa uongo wa malipo. Mtu mmoja hawezi kumshtaki mdanganyifu wa mbali, na haya yaturudisha palepale penye chama, maana chama kina jina, kina anwani, kina muhuri, na mnunuzi wa mbali akiogopa kumwamini mtu asiyemwona aweza kuiamini taasisi iliyosajiliwa. Vivyo hivyo mkulima akiogopa mnunuzi, chama kitauliza habari zake kabla gari halijapakiwa.

Na tusiwasahau walio nje ya mazungumzo hayo. Katika nyumba nyingi simu yenye intaneti ni ya baba au ya kijana wa kiume, ilhali mama ndiye aliyepalilia mahindi na kuanika mpunga, naye ndiye ajuaye kiasi gani kibakie cha kula. Habari inayopita katika kioo cha simu peke yake itampita. Tanzania ilikwisha onyesha njia nyingine: mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, watu wapatao milioni mbili waliketi katika vikundi, wakasikiliza redio pamoja, wakajadiliana, wakainuka na kuchimba vyoo. Redio za jamii zilizopo sasa katika wilaya nyingi zaweza kuzichukua bei za intaneti kila jioni na kuzisoma kwa kilo, soko kwa soko, na vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, ambavyo tayari hukutana kila wiki, vikawa baraza la kuzipima. Gharama yake ni ndogo kuliko ya warsha moja ya mjini.

Nimesema kwamba kazi ya pili ya intaneti ni kumpatia mkulima muda, na naona nimalizie hapo, kwa kuwa ndipo penye matumaini yangu makubwa. Stakabadhi ya ghala kwa sheria yetu yaweza kuwekwa rehani. Ikiwa mizani ya chama imeunganishwa na mtandao, na kilo za mkulima zikaingia katika daftari la ghala dakika ile ile zinapopimwa, na daftari hilo likaonekana na benki kama linavyoonekana na mnada, basi benki haina haja ya kumtuma afisa wake Tandahimba kuhesabu magunia. Yaweza kumkopesha mkulima sehemu ya thamani yake jioni ile ile, kwa simu, kwa riba inayolingana na dhamana nzuri kiasi hicho. Na kwa miezi ya njaa, kabla korosho haijaanguka, kumbukumbu za misimu iliyopita, zikihifadhiwa na chama kwa uaminifu na zikawa mali ya mkulima mwenyewe, zaweza kumwombea mkopo mdogo wa unga na wa ada ambao leo hakuna ampaye ila mwenye bakuli. Vyama vilivyo na maghala na hesabu safi vianze na jambo hili msimu ujao, kwa wanachama wachache, katika ghala moja, na benki moja iliyo tayari kukaa nao mezani na kuandika masharti ambayo mkulima ataweza kuyasoma mwenyewe.